Fedha, kaure au pyuta? Kuchagua vyombo vya bwalo la maofisa wa Uingereza

Nina vitu viwili nilivyonunua ndani ya mwezi mmoja kwa bei zisizopishana sana. Kimoja ni kijiko cha chai cha fedha tupu chenye nembo ya rejimenti. Kingine ni pete ya kushikia kitambaa cha kufutia mikono mezani, ya fedha ya kuchovya, iliyoanza kuchubuka ukingoni, na ubavuni mwake limechongwa jina la luteni mmoja pamoja na batalioni yake. Kijiko ndicho kilichonivuta sokoni. Pete ndiyo iliyoninyima usingizi, maana kabla ya saa sita usiku nilikuwa nimeshajua luteni yule aliteuliwa lini, alipandishwa cheo mwaka gani na jina lake lilichapishwa ukurasa upi wa gazeti rasmi la serikali ya Uingereza. Kijiko hadi leo kinaniambia jambo moja tu, kwamba kilikuwa cha rejimenti fulani.

Kwa hiyo mtu akinijia anataka kuanza kukusanya vyombo vya mabwalo ya maofisa, namuuliza kwanza anataka chombo kimwambie nini. Mambo ya bei yanafuata baadaye.

Kwa asiyelijua jambo lenyewe: bwalo la maofisa, au mesi kama wengi wanavyolitamka, lilikuwa nyumba ya maofisa kambini. Humo walikula, walisoma magazeti, na wasio na wake walilala humohumo. Askari wa kawaida hakuketi meza hiyo. Kila rejimenti ilijinunulia vyombo vyake au ilipewa na maofisa wake wenyewe. Ofisa akioa, akipanda cheo au akiondoka, ilikuwa ada kuacha kitu cha fedha chenye jina lake. Vingine vilitekwa vitani. Mwaka 1813, baada ya vita vya Vitoria kule Hispania, dragoni (askari wa farasi) wa rejimenti ya 14 waliliteka gari la Joseph Bonaparte, ndugu yake Napoleon, na ndani yake wakakuta chungu cha fedha cha kukojolea usiku. Wakakipeleka bwaloni kikawa chombo cha kunywea shampeni, wakakiita Emperor. Warithi wa rejimenti hiyo, King's Royal Hussars, wanacho hadi leo na bado wanakinywea. Chombo cha namna hiyo wewe na mimi hatutakipata. Tunachopata ni kile kilichotoka bwaloni kihalali: kilichoondoka na ofisa kwa sababu kilikuwa chake, au kilichouzwa rejimenti mbili zilipounganishwa na kabati zikajaa.

Nembo au jina

Hapa ndipo uamuzi wenyewe ulipo, kabla hata ya kufika kwenye fedha au udongo.

Chombo chenye nembo ya kikosi ni cha jamii nzima. Kinapendeza machoni na ni rahisi kukitambua: kinubi cha Waairishi, simba, sfinksi kwa waliopigana Misri, pembe ya kupuliza kwa vikosi vya rifle. Nembo pia inakusaidia kukisia umri. Hadi mwaka 1881 rejimenti za askari wa miguu zilijulikana kwa namba, kisha mageuzi ya Childers, waziri wa vita, yakazipa majina ya majimbo. Rejimenti ya 24, ambayo batalioni yake ya kwanza iliangamia Isandlwana, Afrika Kusini, tarehe 22 Januari 1879, baada ya mageuzi hayo ikaitwa South Wales Borderers. Chombo chenye XXIV kwa hiyo huenda ni cha kabla ya 1881. Nasema huenda, kwa sababu rejimenti nyingi zilizipenda namba zao za zamani zikaendelea kuzitumia bwaloni miaka mingi baadaye. Na jihadhari hasa na namba hiyo ya 24: vikosi vyenye vita mashuhuri ndivyo vinavyoghushiwa zaidi.

Kwa upande mwingine zipo rejimenti zenye mwisho unaojulikana. Connaught Rangers, Royal Munster Fusiliers, Royal Dublin Fusiliers, Leinster Regiment na Royal Irish Regiment zote zilivunjwa mwaka 1922, Ireland ilipojitenga. Hakuna bwalo lililoendelea kutumia sahani zao baada ya hapo. Anayependa kukusanya kitu chenye mwanzo na mwisho atafurahi huko.

Chombo chenye jina la mtu ni habari nyingine kabisa. Mara nyingi ni kidogo na cha bei ya chini: pete ya kitambaa, kikombe cha bia cha pyuta (metali yenye bati nyingi), sanduku la sigara, trei ndogo ya kumuaga aliyehama. Pete zina maana yake. Vitambaa vya mezani havikufuliwa kila baada ya mlo, basi kila ofisa alikuwa na pete yake ili mhudumu ajue kitambaa hiki ni cha nani. Jina lilichongwa kwa ajili ya kazi, na ndiyo maana naliamini kuliko mapambo.

Jina linafuatilika, tena bila kulipa. Hart's Army List, orodha ya maofisa wa jeshi, ilichapishwa kuanzia 1839 hadi 1915, na Maktaba ya Taifa ya Scotland imeiweka mtandaoni pamoja na orodha za jeshi za baadaye, za maofisa wa wanamaji na za jeshi la anga. The London Gazette, gazeti rasmi la serikali, unaweza kulitafuta kwa jina: uteuzi, vyeo, nishani, kujiuzulu. Waliofariki katika vita viwili vikuu wamo kwenye hifadhidata ya tume ya makaburi ya vita, iliyoundwa mwaka 1917. Kumbukumbu za maofisa wa wanamaji na wa anga ziko Kew, London, kwenye Hifadhi ya Taifa. Ukipata jina la ukoo lisilo la kawaida lenye herufi mbili tatu za mwanzo, pamoja na jina la batalioni na mwaka, kazi imekwisha. Ukipata Smith au Jones tupu bila mwaka, usilipe zaidi kwa ajili ya jina.

Mimi nimechagua jina. Lakini mtu anayetaka meza nzima iliyopangwa, uma kwa kisu kwa kijiko vinavyofanana, ajue kwamba majina hayampi meza. Atapata pete kumi na mbili za watu kumi na wawili kutoka vikosi kumi na viwili. Huyo achague nembo.

Fedha tupu na fedha ya kuchovya

Masonara wetu wanatofautisha dhahabu tupu na dhahabu ya kuchovya, na kwa fedha mambo ni hayohayo. Fedha tupu ya Kiingereza ina sehemu 925 za fedha katika kila 1,000. Fedha ya kuchovya ni shaba iliyochanganywa na nikeli na zinki, ikapakwa fedha kwa umeme. Kampuni ya Elkington ya Birmingham ilipata hataza ya ufundi huo mwaka 1840, na kuanzia hapo mabwalo yaliagiza vyombo vya kuchovya kwa maelfu, kwa sababu kijiko cha kila siku hupotea, hupinda na huangukia jalalani.

Kutofautisha ni kusoma mihuri. Fedha tupu ya Uingereza ina simba anayetembea, muhuri wa mji, herufi ya mwaka na herufi za mtengenezaji. London ni kichwa cha chui, Birmingham ni nanga, Sheffield ilikuwa taji hadi 1974 na sasa ni waridi, Edinburgh ni ngome, ingawa huko simba yule anayetembea hakutumika. Kati ya 1784 na 1890 kilikuwepo pia kichwa cha mfalme au malkia, alama ya ushuru uliolipwa. Herufi ya mwaka ndiyo hazina kwa mkusanyaji, kwa sababu inakupa mwaka kamili: tafuta jedwali la mji husika, linganisha umbo la herufi na umbo la ngao inayoizunguka, maana London ilirudia herufi zake kila baada ya miaka 20. Herufi ileile kwenye ngao nyingine ni miaka 20 mbele au nyuma.

Za kuchovya hazina herufi ya mwaka inayodhibitiwa na ofisi ya kupima fedha. Zina herufi EPNS, kifupi cha electroplated nickel silver, na kila moja imewekwa ndani ya kingao kidogo, zikiwa zimepangwa mstari kama mihuri halisi. Ukiwa na haraka, na taa ya duka ikiwa hafifu, macho yako yatakudanganya. Mimi niliwahi kununua kopo la bia kwa muuzaji wa mtandaoni aliyeandika fedha. Picha zilionyesha ngao nne. Kopo lilipofika ndipo nilipoona ngao zile ni herufi nne, E, P, N na S, na dirisha la kurudisha mali lilikuwa limeshafungwa. Siku hizi naomba picha ya mihuri iliyopigwa kwa karibu, na asiyeituma simnunulii.

Sasa, ipi ununue? Fedha tupu ina sakafu ya bei. Hata nembo ikifutika, uzito wake unabaki na bei ya soko la dunia inaushikilia. Hesabu ni aunsi ya sonara, gramu 31.1, ukitoa sehemu isiyo fedha. Faida hiyo ina upande wake wa huzuni. Mwanzoni mwa 1980 bei ya fedha ilikaribia dola 50 kwa aunsi, na vyombo vingi vya zamani vikatupwa kwenye tanuri. Hata leo uma wenye nembo ya rejimenti isiyo na umaarufu unaweza kuuzwa kwa bei ya kuyeyusha tu. Mkusanyaji anayeunusuru uma kama huo anafanya jambo la maana, na simlaumu anayechagua fedha tupu kwa sababu hiyo pekee.

Fedha ya kuchovya haina sakafu hiyo. Ikichubuka imechubuka. Kuichovya upya kunagharimu kuliko thamani yake, na kunazika nakshi chini ya tabaka jipya, kwa hiyo usithubutu. Lakini ina jambo moja zuri sana kwa mtu anayeogopa kughushiwa. Nakshi iliyochongwa kiwandani kabla ya kuchovya, mifereji yake ina fedha ndani. Nakshi iliyoongezwa juzi inakata tabaka la fedha, na kwenye lenzi ya mara kumi utaona rangi ya manjano kidogo ya metali iliyo chini. Si ushahidi wa mwisho, kwani zipo zilizochongwa baadaye kwa uhalali, mathalani ofisa alipopewa trei ya kawaida na wenzake wakaongeza maneno. Hata hivyo inakupa pa kuanzia, na fedha tupu haikupi hicho.

Kwa fedha tupu, tumia pumzi. Pulizia pumzi juu ya sehemu yenye nembo kisha tazama ukungu unavyoondoka: palipofutwa jina la zamani au palipotiwa kiraka hujitokeza kwa sekunde moja mbili. Kisha bonyeza hapo kwa kidole gumba na cha shahada. Metali ikiwa nyembamba mahali pamoja tu, kuna jina lililosuguliwa ili lingine lipate nafasi. Pia linganisha nembo na mikwaruzo. Chombo kilichotumika miaka 100 kina mikwaruzo inayopita juu ya nakshi. Ikiwa nakshi ndiyo inayopita juu ya mikwaruzo, imekuja baadaye.

Sahani

Kaure na vyombo vya udongo mgumu ndivyo vinavyompa mkusanyaji rangi. Ukingo wa bluu nzito na dhahabu, nembo katikati, jina la rejimenti kwenye utepe. Viwanda ni vilevile vilivyolisha meza za matajiri: Minton, Copeland, Wedgwood, Royal Worcester, Royal Doulton. Charles James Mason alisajili udongo wake mgumu kama jiwe mwaka 1813, na udongo wa aina hiyo uliyafaa mabwalo, maana unastahimili kubebwa kwenye makasha kutoka Gibraltar hadi Bombay. Wengi waliagiza kupitia Army & Navy, ushirika ulioanzishwa London mwaka 1871, na jina la duka hilo chini ya sahani ni dalili nzuri.

Geuza sahani. Alama ya umbo la almasi ni ya kati ya 1842 na 1883. Kuanzia 1884 kuna namba ya usajili. Neno England peke yake mara nyingi linatokana na sheria ya ushuru ya Marekani iliyotaka bidhaa zionyeshe nchi zilikotoka kuanzia 1891, na Made in England kwa kawaida ni ya karne ya 20. Kisha tazama taji. Matao yanayopanda kama kuba ni ya wafalme wa 1901 hadi 1952. Matao yaliyobonyea katikati ni ya Malkia Elizabeth wa Pili. Mfalme Charles amelirudisha lile la kuba, kwa hiyo sahani inayong'aa yenye taji la kuba siku hizi inaweza kuwa na umri wa miezi.

Ukilinganisha na fedha, sahani ina shida mbili. Haina jina la mtu, karibu kamwe, ni ya rejimenti tu. Na udhaifu wake ni wa ghafla: kijiko huchakaa kwa miaka 50, sahani inakufa kwa sekunde moja. Ufa uliozibwa kwa gundi na rangi hauonekani mchana, lakini chini ya taa ya urujuanimno unang'aa tofauti. Ukikosa taa, iweke sahani juu ya ncha za vidole na uigonge taratibu kwa ukucha. Nzima inalia kama kengele, yenye ufa inajibu kwa sauti ya ubao.

Na hapa kuna kosa ambalo wauzaji hulifanya kila siku, wengine kwa kutojua. Si kila sahani ya kijeshi ni ya bwalo la maofisa. Zenye herufi NAAFI ni za kantini na maduka ya shirika lililoanza kazi mwaka 1921 kuwahudumia askari. Zenye mshale mpana, alama ya mali ya serikali, pamoja na herufi WD, ni za bohari na zilitolewa kwa kila mtu. Ni vitu halali kuvipenda, na mimi ninavyo viwili. Lakini usivilipie bei ya bwalo.

Pyuta na bilauri nitazipitia haraka. Pyuta ni mchanganyiko ambao sehemu yake kubwa ni bati, na kopo la pyuta lenye jina ni zawadi ya kawaida kabisa ya ofisa kijana: jina, mwaka, kikosi, wakati mwingine na majina ya wenzake wote yamezunguka mwili wa kopo. Kwa anayefuata majina hakuna chombo kinachotoa majina mengi zaidi kwa bei ndogo zaidi. Pyuta za zamani zinaweza kuwa na risasi, basi usinywee. Bilauri zilizochongwa nembo ni nzuri lakini hazina muhuri wa mwaka wala wa mtengenezaji, na kuchonga nembo kwenye bilauri tupu ni kazi ya alasiri moja. Mimi nimeziacha.

Jeshi la nchi kavu, bahari au anga

Nchi kavu ndiko kwenye utajiri wa aina, kwa sababu kila rejimenti ilikuwa dola dogo lenye desturi zake. Anga ni kinyume chake. Jeshi la Anga la Kifalme liliundwa tarehe 1 Aprili 1918, na vyombo vyake vingi ni vya mtindo mmoja kwa vituo vyote: tai, taji, ukingo wa bluu. Bei yake ni rahisi, vinafanana na vinakamilishika. Mtu anayetaka kula kwenye sahani zake kila siku aende huko. Lakini sahani haitakuambia kama ilikuwa Lincolnshire au Eastleigh ya Nairobi.

Bahari ni katikati, nayo ina mtego wake. Chombo cha bwalo la melini hubeba jina la meli, na jina la meli linaonekana kama jibu kamili. Chukua Pegasus. Watu wa Unguja wanaijua HMS Pegasus iliyozamishwa bandarini kwao na meli ya Kijerumani Königsberg tarehe 20 Septemba 1914, na baadhi ya mabaharia wake wamezikwa Chapwani. Ukikutana na kijiko chenye jina hilo, moyo utakudunda. Lakini mwaka 1917 Uingereza ilikuwa na Pegasus nyingine, ya kubebea ndege, na mwaka 1934 meli iliyokuwa ikiitwa Ark Royal ikabadilishwa jina ikawa Pegasus. Meli tatu kwa jina moja. Farasi mwenye mabawa ni pia alama ya askari wa miavuli wa Uingereza tangu Vita Kuu ya Pili. Kijiko cha fedha tupu kitakuokoa hapo kwa herufi yake ya mwaka: ikiwa ni ya baada ya 1914, si cha meli ile ya Unguja. Kijiko cha kuchovya kitakuacha ukibahatisha. Kwa hiyo, mimi ninayetetea fedha ya kuchovya kwa nchi kavu, baharini nageuka. Baharini nunua chenye mihuri.

Vyombo vya Keya

Wasomaji wengi wa Kiswahili wataanza, kama nilivyoanza, kwa kutafuta King's African Rifles, Keya ya wazee wetu. Iliundwa mwaka 1902 kwa kuunganisha vikosi vya Afrika ya Kati, Uganda na Afrika Mashariki, ikapigana katika ardhi yetu kwenye Vita Kuu ya Kwanza na ikaenda hadi Abyssinia, Madagaska na Burma katika ya pili. Nembo yake ni pembe ya kupuliza, na namba ya batalioni ikiwa ndani ya kamba zake.

Maofisa wa Keya wengi walikuwa wameazimwa kutoka rejimenti za Uingereza kwa miaka michache, kisha wakarudi. Ndiyo maana kopo lenye pembe ile unaweza kulikuta Devon kabla ya kulikuta Nakuru. Na ndiyo maana hapa jina linashinda nembo kwa mbali: ukiwa na jina unaweza kumfuata ofisa kutoka rejimenti yake ya kwanza hadi kwetu na kurudi, na kila hatua imechapishwa.

Tarehe nazo zinabana vizuri. Batalioni ya 6, ya Tanganyika, ikawa Tanganyika Rifles wakati wa uhuru, Desemba 1961. Baada ya maasi ya Januari 1964 ikavunjwa, na Septemba mwaka huohuo ikaundwa JWTZ. Chombo chenye jina Tanganyika Rifles lazima kiwe cha kipindi hicho cha miaka miwili na kidogo. Ukionyeshwa kijiko chenye jina hilo na mihuri ya 1950, uliza kwa upole nakshi iliongezwa lini.

Jambo moja linanisumbua na sitaki kulificha. Kwenye vyombo hivi kuna jina la aliyekula. Aliyepanga meza, aliyesugua fedha hiyo kila asubuhi, aliyejua kitambaa kipi ni cha nani, hamna. Wengi wao walikuwa watu waliozungumza Kiswahili, lugha ambayo maofisa wenyewe walitakiwa wajifunze ili waamrishe. Katika daftari langu, kwa kila chombo cha Keya, nimeacha mstari mtupu chini ya jina la ofisa. Bado sijaweza kuujaza hata mmoja. Nikikutana na mzee ambaye baba yake alihudumu bwaloni, naandika anachokumbuka, na hayo nayathamini kuliko trei yoyote ya mnadani.

Kununua, na kisichonunuliwa

Mnadani unapata maelezo na risiti, lakini unalipa kamisheni juu ya bei iliyogongewa nyundo, basi isome kabla ya kuinua mkono. Maonyesho ya vitu vya kijeshi yana wauzaji wanaojua, nao wanajua pia bei. Maduka ya hisani na masoko ya Jumapili ndiko nilikopata pete yangu: muuzaji aliona pete iliyochubuka, hakusoma jina. Mtandaoni ni picha, picha, picha. Kitu kikubwa cha fedha chenye maneno ya kukabidhiwa rejimenti, uliza kilitokaje bwaloni. Vitu hivyo kwa kawaida ni mali ya rejimenti, haviwi vya ofisa mmoja, na jumba la makumbusho la rejimenti hujibu barua.

Visu vya mezani vyenye mipini ya pembe za ndovu sinunui. Mafundi wa Sheffield walitumia pembe hizo kwa wingi katika karne ya 19, na bandari kubwa ya kuzisafirisha kutoka upande wetu wa bara ilikuwa Unguja. Wapagazi waliozibeba hadi pwani walilipa kwa mabega yao, na wengi kwa maisha. Uingereza yenyewe, tangu sheria yake ya pembe ilipoanza kutumika mwaka 2022, inaruhusu kuuza vitu vichache tu, kama vya kabla ya 1947 vyenye pembe chini ya asilimia 10, tena kwa kusajiliwa, na mpini mzima wa pembe unavuka kiasi hicho kwa urahisi. Ukijaribu kuvileta nyumbani unaweza kukamatwa uwanja wa ndege, na utakuwa umestahili. Ukiona kwenye kitako cha mpini mistari inayokatizana kama wavu, rudisha kisu mezani. Mistari iliyonyooka sambamba mara nyingi ni ya plastiki ya zamani, hiyo ni salama.

Mwisho, fikiri chombo kitakaa wapi. Fedha haipendi chumvi wala salfa. Usifunge vijiko kwa mipira ya kufungia noti, inaacha alama nyeusi isiyotoka. Hewa ya Tanga au Mombasa huisawijisha fedha kwa wiki chache, kila ukiisugua unaondoa kidogo cha nembo, na ya kuchovya hufika kwenye shaba upesi. Kaure haijali. Nyumba kongwe za Lamu zilijengwa na zidaka ukutani, na vyombo vya kichina vikakaa humo vizazi kwa vizazi katika hewa hiyohiyo ya chumvi. Kwa anayeishi pwani ushauri wangu unabadilika kabisa: chukua sahani. Pete ya luteni nitabaki nayo huku Uingereza, ndani ya mfuko wa kitambaa kikavu. Dada yangu wa Tanga nimempelekea sahani ya Jeshi la Anga yenye taji la kuba, na ameiweka juu ya kabati, anaipangusa vumbi kwa kanga.